Shajara ya mradi: cheni mbili za Tanga, kuosha na kutia oili

Siku ya 1. Rula kwanza

Baiskeli ziko mbili. Moja ni Phoenix ya mzigo, gia moja: meno 46 mbele, 20 nyuma, cheni pana ya nusu inchi kwa 1/8 (pini hadi pini, kisha upana wa ndani), pingili 110, ndani ya kava la bati. Nyingine ni ya mtumba, gia 21: mbele sahani tatu za meno 48, 38 na 28, nyuma friwili (gia ya nyuma inayozunguka bure ukiacha kukanyaga) ya sahani saba kuanzia meno 14 hadi 28, cheni nyembamba ya nusu inchi kwa 3/32. Phoenix inashinda kwenye njia za vumbi na magunia, na imejaa udongo mwekundu. Ya gia inalala Raskazone karibu na bahari. Kutu yake ni ya chumvi. Uchafu ni wa aina mbili, kwa hiyo hata kazi haitafanana.

Vifaa vilivyoandaliwa: mafuta ya taa lita 2, chupa tupu tatu za maji za lita moja na nusu, oili mpya ya injini 20W-50 nusu lita, grisi ya kawaida ya beringi, mswaki mkuukuu, brashi ngumu, matambara ya fulana za pamba, kipande cha waya, na bomba la sindano la 5 ml kutoka duka la dawa. Bomba hilo ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Kabla ya kumimina chochote, cheni zinapimwa. Cheni ya baiskeli, pana au nyembamba, ina nafasi ileile kutoka pini hadi pini: nusu inchi, yaani 12.7 mm. Pingili 24 za cheni mpya zinatoa inchi 12 kamili, 304.8 mm. Weka sifuri ya rula ya chuma katikati ya pini moja, cheni ikiwa imekazwa, kisha tazama pini ya 24 kutoka hapo imeangukia wapi. Ikipita alama ya inchi 12 kwa 1/16 ya inchi (kama 1.6 mm), cheni imeongezeka nusu asilimia. Ikipita kwa 1/8 (3.2 mm), ni asilimia moja.

Phoenix: 1/16 na ushee. Inabaki kazini. Cheni ya gia moja inavumiliwa mpaka asilimia moja, kwani meno yake ni mapana na cheni haihami sahani. Ya gia: 1/8 kamili. Hiyo imekwisha: kwa friwili za sahani tano hadi kumi, kikomo ni asilimia 0.75, karibu 2.3 mm kwenye rula hiyohiyo. Itanunuliwa mpya. Hata hivyo ile ya zamani haitatupwa leo, itatumika kujaribia mchanganyiko wa oili.

Mitaani husemwa cheni "imevutika". Chuma hakikuvutika hata kidogo. Kilicholika ni pini na tundu inamozungukia. Gawanya zile 3.2 mm kwa viungo 24: kila kiungo kimepoteza 0.13 mm, unene wa karatasi nzito. Ulaji huo wote umetokea ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki na jicho halioni. Mabamba ya nje yangeweza kung'arishwa kama sufuria ya harusi na cheni ikaendelea kulika vilevile. Kila hatua ya mradi huu inapimwa kwa swali moja: je, imetoa mchanga ndani ya tundu la pini, na je, imeingiza oili humo?

Siku ya 2. Kutoa na kuosha

Cheni ya Phoenix ina pingili ya kufungulia yenye klipu. Kwa plaizi, bana mkia wa klipu pamoja na pini iliyo jirani, klipu inateleza yenyewe. Ifungwe kwenye kitambaa mara moja. Ikianguka mchangani haionekani tena. Ya gia haina klipu, ilitumiwa kitoa pini.

Kava la Phoenix lilipofunguliwa lilikuwa na tope kavu ndani, limeshikana na grisi ya zamani kama lami. Kava linazuia matope ya gurudumu, lakini kilichokwisha kuingia hakitoki, na cheni inakikokota kila mzunguko. Lilikwanguliwa kwa bapa la mti, kisha brashi na mafuta ya taa.

Kuosha kwenyewe: cheni inatumbukizwa pingili kwa pingili kupitia mdomo wa chupa, waya ukiwa umefungwa mwishoni ili kuivuta baadaye. Mafuta ya taa 300 ml. Funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili, acha dakika kumi, tikisa tena. Mimina kwenye kopo, rudia kwa mafuta mapya. Phoenix ilihitaji raundi nne. Ya kwanza ilitoka nyeusi tii, ya pili na ya tatu nyekundu ya udongo, ya nne ikawa rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Hapo tuliacha. Kuna kipimo kizuri kuliko rangi: shika cheni karibu na sikio, ipinde huku na huku. Ikikwaruza kama chumvi kati ya meno, bado kuna mchanga.

Brashi ilitumika kidogo sana, kwa nje tu, tena kabla ya chupa. Kusugua cheni kavu yenye mchanga kunasukuma chembe kuelekea kwenye mianya. Kutikisa ndani ya mafuta ya taa kunazitoa.

Petroli haikutumika na haitatumika. Mvuke wake unawaka hata kwa cheche ya mbali, na jiko la mkaa la jirani halijui kama unasafisha cheni. Mafuta ya taa nayo yanawaka, kwa hiyo kazi yote ilifanyika nje, kivulini, mbali na moto, mikono ikiwa na glavu.

Mafuta machafu hayakumwagwa. Yakiachwa usiku mzima ndani ya chupa, uchafu unazama. Ya juu yanachujwa kwa kitambaa na kutumika raundi ya kwanza ya cheni inayofuata. Tope la chini linakusanywa kwenye kopo lenye mfuniko. Mitaro ya Tanga inaishia baharini.

Kuna dawa moja inayopendekezwa sana kwa kutu: kuloweka cheni kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha. Kwa sinia ya shaba, ndimu ni sawa. Kwa cheni, hapana. Asidi ikila kutu inazalisha hidrojeni, na chuma kilichokazwa kwa moto kinainyonya na kuwa chepesi kuvunjika. Cheni itatoka inang'aa, kisha bamba litapasuka siku mwendeshaji amesimama juu ya pedali mlimani. Kutu ya juu juu ya cheni ya Raskazone iliondolewa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini. Pingili mbili zilizokuwa zimekazana zilichezeshwa kwa mkono huku zikitiwa oili nyepesi hadi zikalegea.

Siku ya 3. Kukausha, kisha oili

Hapa kuna mvutano. Mafuta ya taa hayakauki upesi, na yakibaki ndani ya tundu yanaipunguza nguvu oili inayofuata. Maji ya moto na sabuni yanayaondoa, ila kwa hewa ya pwani chuma kitupu kikilowa kinaanza kutu hata kabla ya chakula cha mchana.

Utaratibu uliotumika kwa Phoenix: beseni la maji ya moto na kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo, dakika tano za kusugua, suuza mara mbili, kung'uta kwa nguvu, futa, kisha bati lililoanikwa juani. Saa sita mchana bati lilikuwa halishikiki. Cheni ilikaa dakika 45, ikageuzwa mara moja. Ikapakwa oili ikiwa bado ya moto.

Oili gani? Iliyopo kila duka la vipuri ni ya injini. Oili mpya ya 20W-50 ni nzito mno kuingia kwenye mwanya mwembamba kuliko unywele. Inakaa nje na kuita vumbi. Desturi ya mafundi wengi ni kuipunguza kwa mafuta ya taa ili iingie, kisha mafuta ya taa yaruke na oili ibaki. Uwiano tulioanza nao: oili moja, mafuta ya taa tatu. 25 ml kwa 75 ml, ndani ya chupa ndogo, tikisa kabla ya kuvuta.

Nyingine zilikataliwa, kila moja kwa sababu yake. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari ni ya bure, lakini imebeba masizi, asidi na unga wa chuma. Ni kulisha cheni kile tulichotoka kuosha. Mafuta ya kupikia yanaganda kwa hewa na kuwa gundi. Mafuta ya cherehani ni masafi na yanaingia vizuri, ila ni mepesi mno kwa cheni ya mzigo. Yamewekwa akiba kwa roda (vigurudumu vidogo vya kibadilisha gia) za ile ya gia. Kopo la WD-40 ya kawaida sehemu kubwa ni kiyeyusho: linafukuza maji na kulegeza kutu, lakini tabaka linalobaki ni jembamba, tena linaosha oili iliyokuwemo. Grisi juu ya cheni haiingii ndani. Inakamata mchanga tu na kutengeneza msasa wa kujipaka.

Kupaka: cheni irudishwe kwenye baiskeli, tone moja juu ya kila rola (kigurudumu kinachozunguka pini), kwenye mkondo wa chini wa cheni, upande wa ndani, ule unaotazama juu. Cheni inapozunguka, mwendo wenyewe unasukuma oili kutoka ndani kwenda nje, ikipita kwenye tundu. Kwa sindano, matone 110 yanakula bomba moja la 5 ml, ujazo wa kijiko cha chai. Wengi wanamimina mara kumi ya hapo. Kisha zungusha pedali nyuma mizunguko 30, acha nusu saa, futa nje mpaka tambara litoke karibu safi.

Klipu ya Phoenix inarudi na upande uliozibwa ukitangulia mwendo wa cheni. Umbo lake ni la samaki: kichwa mbele, mkia nyuma. Ikigeuzwa, kitu chochote kinachogusa mkia wake kinaweza kuivua njiani.

Siku ya 4 na 5. Friwili ya Phoenix

Hii ndiyo iliyochukua muda, na ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema.

Dalili ilikuwa hivi: ile sauti ya tik-tik-tik ukiacha kukanyaga imepotea, na mara mojamoja pedali inakwenda bure bila gurudumu kufuata, kisha inakamata kwa kishindo. Ndani ya friwili kuna kiini kilichofungwa kwa nyuzi kwenye habu, na pete ya nje yenye meno. Kati yake mistari miwili ya gololi ndogo za 1/8 ya inchi, na vikucha viwili vinavyoinuliwa na springi nyembamba. Ukikanyaga, kikucha kinakamata ngazi iliyo ndani ya pete. Ukiacha, kinateleza juu ya ngazi hizo, ndiyo ile sauti. Sasa mtu aliwahi kuijaza grisi. Grisi ikizeeka na kuchanganyika na vumbi inakilaza kikucha kama mtoto chini ya blanketi zito. Springi haina nguvu ya kukiinua. Friwili haitaki grisi kwenye vikucha.

Jaribio la kwanza, bila kufungua: gurudumu lilale, friwili juu, sindano ya mafuta ya taa kwenye mwanya kati ya pete inayozunguka na kiini, 10 ml, zungusha pete kinyume mara 50, inamisha, acha imwagike. Raundi tano. Iliyotoka mwisho bado ilikuwa ya kahawia, na sauti ilirudi kwa kikucha kimoja tu. Mara nyingi kuosha hivi kunatosha, na fundi mwenye haraka aishie hapa kama mlio umerudi sawasawa. Kwa hii haukurudi.

Kufungua: kifuniko cha mbele kina vitundu viwili. Nyuzi zake ni za kushoto. Kinafunguliwa kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, na asiyejua hilo atakigonga upande usiofaa mpaka vitundu vichanike. Patasi butu na nyundo ya wastani, mapigo mafupi. Gurudumu likae juu ya sinia yenye kitambaa cheupe, maana pete ikiinuka gololi zinamwagika kama ulezi. Zihesabiwe mstari wa juu na wa chini kila mmoja peke yake. Idadi zake si lazima zilingane. Chini ya kifuniko kuna washa nyembamba kama karatasi. Hizo ndizo zinazoamua kama pete itayumba au itabana. Zinahesabiwa na kurudishwa zote, isipokuwa kama friwili inayumba sana, hapo unatoa moja.

Ndani kulikuwa na jambo ambalo Tanga haishangazi: nyuzi za katani zimejizungusha kwenye kiini, zimelowa grisi na kukakamaa. Kamba za magunia zinachanika, zinaingia kati ya friwili na spoku, na kutoka hapo zinatambaa. Zilitolewa kwa koleo ndogo na wembe.

Vikucha viliosheka, ncha zake bado kali. Springi moja ilikuwa imelala. Ilikunjuliwa kidogo kwa koleo na sasa inainua. Kurudisha: pakaa grisi kidogo sana kwenye njia za gololi tu, ili zisianguke wakati wa kupanga. Kila mstari uache nafasi ya karibu gololi moja. Ukijaza mpaka hakuna nafasi zinasuguana. Vikucha vilale kwa kuzungushiwa uzi wa kushonea mizunguko miwili, pete ishushwe juu yake, kisha uzi uvutwe polepole utoke. Bila uzi utahitaji mikono mitano. Vikucha vyenyewe vimetiwa matone matatu ya oili tupu ya injini, basi. Kifuniko kimefungwa kinyume cha mshale wa saa, kikagongwa mpaka kikaa.

Mlio umerudi, vikucha vyote viwili.

Siku ya 6. Ekseli ya pedali

Kazi hii haina siri nyingi. Kwanza pini za kota, zinazoshika mikono ya pedali kwenye ekseli: nati ilegezwe mpaka iwe sawa na ncha ya pini, isitolewe, ili nyundo isipondeponde nyuzi. Mkono wa pedali uegemezwe chini kwa bomba la chuma lililosimama sakafuni, karibu kabisa na pini. Pigo moja zito lina faida kuliko kumi mepesi. Pini ya kushoto ilitoka. Ya kulia ilipinda, ikatobolewa kwa drili. Mpya imenunuliwa ya kipenyo kilekile, kwani 9.0 mm na 9.5 mm zote ziko sokoni na hazibadilishani.

Vikombe vya gololi: upande wa kulia nyuzi ni za kushoto, hakikuguswa, kilisafishwa kikiwa mahali pake. Upande wa kushoto kilifunguliwa kawaida baada ya kulegeza ringi ya kukazia. Gololi za 1/4 ya inchi, 11 kila upande. Tatu zilikuwa na vidoa, zikabadilishwa zote 22. Gololi mpya kati ya za zamani inabeba mzigo peke yake kwa sababu ni kubwa kidogo. Grisi hapa iwe ya kutosha, ijaze kikombe. Kaza mpaka ekseli isiyumbe, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka izunguke bila kukwaruza.

Pini za kota zinaingia zikitazamana kinyume: mikono ikiwa imewekwa sawasawa, nati moja inatazama juu na nyingine chini. Zikiingia upande mmoja pedali hazitakuwa kwenye mstari, na magoti yatalalamika. Baada ya safari mbili tatu pini zinajikalia. Gonga tena, kaza nati tena.

Ulegevu wa cheni uliwekwa mwisho. Katikati ya mkondo wa chini, cheni ipande na kushuka jumla ya 12 mm hivi. Sahani ya mbele ya Phoenix hii si duara kamili, kwa hiyo kuna mahali cheni inakaza na mahali inalegea. Pima pale inapokaza zaidi. Aliyepima pale ilipolegea anaibana cheni kila mzunguko, na gololi zile 22 ndizo zitakazolipa.

Siku ya 8. Mlio wa panya

Phoenix imerudi kutoka safari ya siku mbili inalia. Siyo friwili, ni cheni: mlio mwembamba wa chuma kikavu.

Hesabu ilikuwa mbele yetu tangu mwanzo. 5 ml za mchanganyiko wa moja kwa tatu zina oili 1.25 ml tu. Zilizobaki ni mafuta ya taa, yameruka. Juu ya hapo, tulifuta baada ya nusu saa, wakati mchanganyiko ulikuwa bado mwepesi kama maji, kwa hiyo tambara liliondoka na sehemu kubwa ya hiyo robo. Uwiano huo unafaa ukirudiwa mara tatu nne, huku kila mara ukiacha mafuta ya taa yaruke.

Cheni ya zamani ya gia ilikatwa vipande vitatu vya pingili 20 na kujaribiwa: 1:3, 1:2 na 1:1, tone moja kila rola, usiku mzima, kisha pini moja ya kila kipande ikatolewa kwa kitoa pini ikatazamwa. Kipande cha 1:3 pini ilikuwa na unyevu hafifu. Cha 1:1 kilikuwa na tabaka linaloonekana kwa pini nzima, bila sehemu kavu. Cha 1:2 kilikuwa kati yao. Ile hofu kwamba 1:1 ni nzito haiwezi kuingia haikuthibitika, angalau kwa joto la Tanga.

Phoenix: 1:1, cheni imefutwa kwanza kwa kitambaa, tone moja kila rola, imelazwa usiku kucha, imefutwa asubuhi. Oili iliyoingia sasa ni 2.5 ml, mara mbili ya awali, na ikabaki humo.

Siku ya 10. Ya gia: roda, sahani, cheni mpya

Kibadilisha gia cha nyuma kina roda mbili za plastiki. Kabla ya kuzitoa zilitiwa alama, juu na chini. Katika aina nyingi ile ya juu inacheza kidogo kushoto na kulia, makusudi, ili ijielekeze chini ya sahani. Ile ya chini haichezi. Ukizibadilishana gia zitaingia kwa kusitasita na utalaumu waya. Ndani ya kila roda kuna bushi ndogo. Uchafu uliokandamana kwenye meno ya roda ulitoka kama pete ngumu nyeusi, unakwanguliwa kwa bisibisi ndogo bapa. Bushi zilipakwa tone la mafuta ya cherehani. Viungo vya kibadilishaji, tone moja moja, kisha kufutwa.

Kati ya sahani saba za friwili brashi haifiki. Ukanda wa fulana uliolowa mafuta ya taa, ukivutwa huku na huku kama mpiga kiwi anavyong'arisha kiatu, unafika. Uzi wa katani unakwangua vizuri zaidi, lakini unaacha nyuzi, na tulikwisha kuona zinakoishia. Gurudumu lisimame wima, friwili isielekee juu, la sivyo uchafu wote unatiririka ndani kwenye gololi. Ringi ya gurudumu ikifikiwa na mafuta, ifutwe kwa maji ya sabuni kabla breki hazijaguswa.

Cheni mpya ni ya sahani 6 hadi 8, pingili 116. Urefu: ipitishwe sahani kubwa mbele na kubwa nyuma bila kupita kwenye kibadilisha gia, ikutane, ongeza pingili mbili, kata hapo. Mafuta iliyokuja nayo kutoka kiwandani yaachwe. Yaliingizwa mpaka ndani ya kila pini, kitu ambacho sindano yetu haitakifikia. Futa nje tu ili isikusanye vumbi. Kuiosha cheni mpya kwa mafuta ya taa "ili ianze safi" ni kutupa kilainishi bora kuliko vyote itakavyowahi kupata.

Ilipofungwa ilikwaruza kwa sauti isiyokoma. Sababu ni ile ya kila mara: ndani ya kibadilisha gia, kati ya roda mbili, kuna kidole kidogo cha bati, na cheni ilipitishwa nje yake badala ya ndani. Inafunguliwa, inapitishwa upya.

Siku ya 11. Inaruka

Kwenye sahani za nyuma za 18 na 20, ukikanyaga kwa nguvu, cheni mpya inaruka jino. Kwenye 14 na 28 haina neno. Mwenye baiskeli anatumia hizo mbili za katikati karibu siku zote. Cheni iliyokwisha ilikuwa imeyachonga meno yake kwa kipimo chake kirefu. Mpya, yenye nusu inchi halali, haikai kwenye mabonde hayo. Hakuna usafi wala oili itakayotibu hilo. Ingebadilishwa ilipofika asilimia 0.75, huenda friwili ingepona.

Friwili ya nyuzi inatolewa kwa kifunguo cha mifereji 12, kikibanwa kwa nati ya ekseli kisiruke. Kifunguo kwenye jiliwa, gurudumu mikononi kama usukani, zungusha kinyume cha mshale wa saa. Ikilegea robo mzunguko tu, simama, legeza nati ya ekseli, ndipo uendelee. Vinginevyo ekseli inapata mkazo wote. Nyuzi za habu zimepakwa grisi kabla ya friwili mpya. Kuikaza kwa mkono kunatosha, kukanyaga kutamaliza.

Siku ya 30. Rula tena

Phoenix: 1/16 na ushee uleule, rula haioni tofauti. Hailii. Imefutwa kila Ijumaa kwa tambara kavu na kutiwa oili ya 1:1 mara mbili tu katika siku hizi, mara ya pili baada ya mvua kubwa. Ndani ya kava kumekuwa na vumbi kavu linalopukutika, siyo lami. Mlio wa friwili upo.

Ya gia: inchi 12 kamili. Nje ya mabamba kumeanza vidoa vya kutu ya chumvi. Hii haihitaji oili zaidi ndani. Inahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye oili kidogo kila jioni inaporudi ufukweni, na kutolewa nje ya kibanda kisichopitisha hewa.

Kilichobaki: pedali zote nne. Ya kushoto ya Phoenix ina mlio wa gololi iliyovunjika. Nyuzi zake kwenye mkono ni za kushoto, inafunguliwa kwa kufuata mshale wa saa. Imetiwa mafuta ya taa leo, itafunguliwa kesho asubuhi.